GM300 mbili kuwa ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena) ya UHF: sauti inakwaruza, kipokezi kinazibwa

sikio_refu: Nina Motorola GM300 mbili zilizostaafishwa, moja ipokee, nyingine irushe. Masafa yameachana kwa MHz 5. Sauti inatoka pini 11 ya kipokezi, inaingia pini 2 ya transmita. Kila "s" inakwaruza masikio. Isitoshe, stesheni dhaifu zinapotea transmita ikiwaka. Dupleksa (kichujio kinachowezesha redio zote mbili kutumia antena moja) ni ile bapa ya kwenye magari.

lehemu60: Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. Pini 2 ni njia ya maikrofoni, na njia hiyo hukuza sauti za juu kabla ya kurusha. Jampa JU551 (kiunganishi kidogo ndani ya redio) ikiwa upande wa sauti ghafi, yaani ambayo kipokezi hakijashusha sauti zake za juu, kinachotoka pini 11 kimeshakuzwa na redio ya mtumiaji. Wewe unakikuza mara ya pili. Hamia pini 5, isiyokuza sauti za juu. Kisha tumia toni ya kHz 1: ikiingia na mchepuko (kiasi ambacho sauti inayumbisha masafa) wa kHz 3, itoke na 3. Pima kwa kifaa, sikio linadanganya.

Angalia jambo moja: sauti ghafi haizimwi na skwelchi (kinyamazisha mvumo pasipo na ishara), kwa hiyo kidhibiti, kifaa kinachoendesha ripita, ndicho kikate mvumo. Seti pini 8 kwa programu itoe ishara pale tu wimbi linapokuja pamoja na toni ya CTCSS (toni ya chini inayotambulisha watumiaji wako).

dB_tatu: Kuhusu kuzibwa, dupleksa bapa inatosha kwa MHz 5 ikiwa imetuniwa kwa masafa yako hasa (kwenye VHF yenye pengo la kHz 600 usijaribu kabisa). Weka mzigo wa ohmu 50 (unaomeza nguvu bila kuirusha) mahali pa antena, ingiza ishara dhaifu kwenye kipokezi kupitia kapla (kifaa cha kuchomekea ishara kwenye njia ya antena), kisha washa transmita. Mvumo ukiongezeka, kosa liko kwenye dupleksa, kebo au maboksi ya redio. Ukiongezeka baada ya kurudisha antena tu, kagua antena, viunganishi na chuma chochote chenye kutu mnarani. Kebo za ndani ni zipi?

sikio_refu: LMR-400.

dB_tatu: Toa. Foili na wavu wake vikisuguana huzalisha kelele pale unaporusha na kupokea kwa pamoja. Weka RG-400 au RG-142.

lehemu60: Na nguvu ipunguze. Redio ya gari ya wati 40 haikuundwa kurusha mfululizo. Wati 15 hadi 20, feni ikipuliza mapezi ya nyuma. Usishuke mno, maana hatua ya mwisho ya transmita huweza kukosa utulivu na kutoa mawimbi ya pembeni. Yakiwepo, dupleksa bapa haiyachuji yote.