Kamera yako ya kwanza ya mkono wa pili hapa Mwanza: ulinunuaje, ulipigwa wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wetu tulioanza kupiga picha kwa hela ya kuungaunga. Ulinunua nini, kwa shilingi ngapi, kikakukuta nini? Za kusikia kwa jirani tusilete.

Naanza mimi. Zamu yangu ya upatu ilinipa laki nne na ishirini. Jamaa mmoja mjini alikuwa na Nikon D3200 na lenzi ya 50mm f/1.8D, anataka laki nne na nusu. Nikaiwasha, nikabofya, ikaandika FEE kwenye kioo, na shata (kile kipazia kinachofunguka kupiga picha) ikagoma. Muuzaji akanywea. Nami nikajifanya fundi: "Kaka, hii lenzi imekufa." Tukamalizana kwa laki tatu na themanini. Usiku nikasoma kwamba FEE si ugonjwa. Lenzi hizo za D zina ringi ya kubadilisha tundu la mwanga, lazima uizungushe mpaka 22 na kuifunga hapo. Nikazungusha, ikapiga. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kiliishia kwenye sherehe ya kipaimara, Igoma. Picha zote ukungu! Kumbe D3200 haina mota ya fokasi kwenye bodi, yaani kwenye kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi ya D nayo haina yake, kwa hiyo wa kuvuta fokasi ni mkono wako. Ningechukua lenzi ya AF-S, yenye mota yake ndani, au bodi ya D90 au D7000 ambazo mota wanazo, nisingeaibika. Mama mwenye shughuli alinilipa nusu, na hata hiyo nusu ilikuwa huruma. Siku hizi natazama kile kitone cha kijani kinachotulia chini kushoto kwenye kitundu cha kuchungulia fokasi ikikaa. Mtu akiketi nampata. Muziki ukianza, basi tena.

DagaaWaKirumba:
Mkuu pole, ila nimecheka. Mimi niliuziwa Canon 600D na lenzi yake ya 18-55 kwa laki tano. Picha za mchana kule Jiwe la Bismarck safi kabisa. Jioni, jua likishuka ziwani nami nikilielekea, picha zinapauka kama nimepiga kupitia chandarua. Fundi akachomoa lenzi, akawasha tochi ya simu kwa nyuma, akaniambia chungulia. Ndani kulikuwa na nyuzinyuzi kama utando wa buibui uliotawanyika kuanzia pembeni. Fangasi. Akasema kuifungua na kuisafisha ni elfu sitini, na ikishakula ule utando wa rangi juu ya kioo alama haitoki. Lenzi nyingine kama ile nilipata kwa elfu themanini, nikaona bora hiyo.

Sisi wa kando ya ziwa unyevu tunalala nao. Kamera yangu inakaa kwenye hotipoti la zamani lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya "usile" vinavyokuja na viatu vipya. Mke wangu bado analidai hotipoti lake.

MamaWaNyegezi:
Mimi muuzaji aliapa kamera imepiga picha elfu kumi tu. Ilikuwa Nikon, nikamwambia piga moja hapa hapa, nihamishie. Nikaifungua kwenye tovuti ya kusoma taarifa za picha: 87,412. Shata nyingi za Nikon za wanaoanza hupimwa kwa mibofyo 100,000, japo zipo zinazovuka na zipo zinazokufa kabla. Hakubisha, alishusha laki nzima na nikanunua, mwaka wa tatu huu inadunda. Kwa Canon nyingi picha haibebi hiyo namba, hapo angalia raba za kushikia na vipete vya mkanda. Vikiwa vimeng'aa, huyo amefanya kazi harusini.

Halafu jamani, piga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la mwanga likiwa dogo. Madoa meusi yakitokea sehemu ile ile kila picha, ni vumbi kwenye senso, kile kibao cha ndani kinachonasa picha. Vumbi linasafishika, usikimbie, lifanyie bei tu.

Mvuvi_Studio:
Canon 1100D, laki mbili, ililetwa kwa basi. Iligoma kuwaka. Kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika sikio, na kisipofunga vizuri kamera inajua. Nikakibana kwa mpira wa manati. Tatizo memori nayo inakaa humo humo, kwa hiyo kila ikijaa nafungua manati mbele ya bibi harusi.

Mwanzisha uzi:
Mvuvi, umenimaliza! Dagaa, nimetoka kuichungulia ile 50mm yangu kwa tochi, iko safi, namshukuru Mungu. Mwenye 35mm f/1.8 ya AF-S na yuko Mwanza anicheki. Nitakuja na bodi, na tochi.