Goti la mwenye hemofilia kwenye altrasaundi: ni damu iliyobaki au utando ulionenepa?

FizioKusini

Wakuu, salaam. Kijana wa miaka 14, hemofilia A kali (damu haigandi vizuri kwa kukosa fakta 8, protini ya kugandisha damu), kilo 50. Goti la kulia lilivimba ghafla, akachomwa fakta 8 mara mbili, maumivu yakaisha. Sasa ni wiki ya tatu na uvimbe bado upo. Hana homa, goti linakunjika hadi nyuzi 100, paja la kulia limeanza kupungua misuli. HJHS (alama za kupima afya ya viungo vya wenye hemofilia kwa kuvikagua kwa macho na mikono) nimeshampima, lakini alama zile zinaniambia kiungo kimevimba, haziniambii kimejaa nini.

Mashine tuliyonayo ina probu (kile kichwa kinachowekwa juu ya ngozi) iliyonyooka ya megahezi 12, na Dopla, inayoonyesha kwa rangi damu inayotembea kwenye mishipa, ipo. Naomba kuelekezwa mambo mawili: nitatofautishaje damu na utando wa ndani wa kiungo ulionenepa? Na niandikeje majibu ili mwenzangu akipima baada ya miezi 6 tuweze kulinganisha?

Mawimbi_na_Picha

Probu hiyo inatosha kabisa. Ile iliyopinda ya kuangalia mimba usiiguse kwa kazi hii: gegedu la goti ni milimita chache tu, na kwa megahezi 3 hadi 5 hutaliona vizuri.

Mlaze chali, weka mto chini ya goti likunjike kama nyuzi 30. Kina cha picha kiwe sentimita 3 hadi 4. Mimina jeli nyingi, probu ielee juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukikandamiza, maji yote yanakimbilia pembeni, nawe utaandika "goti kavu" wakati limejaa. Anza juu ya kilegesambwa, probu ikifuata urefu wa paja, utazame mfuko ulio kati ya kano la misuli ya paja na mfupa. Kisha pita kando ya kilegesambwa, upande wa ndani na wa nje. Usiishie juu tu. Utando mara nyingi hujificha pembeni.

Ukipata kitu ndani ya mfuko, ndipo sasa ubonyeze, taratibu, huku unatazama kioo. Majimaji husogea na mfuko hubanwa. Utando ulionenepa ni wa kijivu, umeshikamana na ukuta, haukimbii. Aghalabu una vidole vidole vinavyochomoza kwenye maji. Damu mbichi ni kijivu chenye punje ndogondogo zinazoogelea ukibonyeza na kuachia. Ila kwa wiki ya tatu usitegemee punje hizo. Damu ya siku nyingi huweza kuwa nyeusi kama maji ya kawaida, au ikaacha mabonge ya kijivu yanayofanana sana na utando.

Bonge na utando hutenganishwa na Dopla. Shusha kiwango cha kasi hadi kama kilohezi 0.6 hadi 0.8, pandisha geini (nguvu ya kukuza mawimbi yanayorudi) mpaka vinyota vitokee hata ndani ya mfupa, halafu ishushe polepole hadi vipotee. Hapo ondoa uzito wote wa mkono. Bonge la damu halina mishipa, kwa hiyo halitawaka rangi. Utando wenye uvimbe huwaka. Usipowaka usihitimishe haraka kwamba si utando: wa zamani uliokakamaa huweza kukaa kimya. Na goti hilo linaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, jambo la kawaida sana kwa wagonjwa hawa.

Kila picha ya kulia ipigie na ya kushoto. Mafuta yaliyo nyuma ya mfuko ule, juu ya mfupa wa paja, huwadanganya wengi wakadhani ni utando. Yakifanana pande zote mbili, hayo ni mafuta.

Gegedu

Naongezea kuhusu alama. Tumieni HEAD-US, mfumo wa kuzipa alama picha za altrasaundi za viungo vya wenye hemofilia, uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Martinoli. Unapima viungo 6: viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Kila kiungo utando hupewa 0 hadi 2, gegedu 0 hadi 4, mfupa 0 hadi 2. Jumla 8 kwa kiungo, 48 kwa viungo vyote 6.

Kwa gegedu la goti, kunja goti kadiri linavyokubali na weka probu kwa upana juu ya kilegesambwa. Gegedu zima ni utepe mweusi wenye kingo safi juu ya mstari mweupe wa mfupa. Alama 1 ni dosari isiyofika robo ya eneo unalolitazama, 2 haizidi nusu, 3 imezidi nusu, 4 limekwisha au halionekani. Mawimbi yaufikie mfupa wima. Probu ikiinama kidogo tu, ukingo wa gegedu unafifia nawe unampa mtoto ugonjwa asio nao. Huyu wa nyuzi 100 picha hiyo itabana, kwa hiyo andika nyuzi ulizofikia.

Jambo muhimu kwa swali lako la pili: HEAD-US haihesabu maji wala damu. Andika uwepo wa majimaji kando. Alama za kulinganishia zichukuliwe goti likishatulia, maana damu ikiwepo utando hupimwa vibaya. Hifadhi picha zenyewe pamoja na namba, na uandike mkao, kina, na kama Dopla iliwaka.

FizioKusini

Asanteni sana. Tunao pia watoto wa miaka 5 hadi 9. Nao wapimwe hivyohivyo?

Gegedu

Mkao ni uleule, usomaji ndio tofauti. Sehemu kubwa ya ncha za mifupa yao bado ni gegedu, hivyo utepe mweusi ni mnene, na huo si ugonjwa. Mfupa unapoanza kujijenga huwa na mikwaruzo na vipande vipande, hasa upande wa ndani wa kiwiko, mtu akaona kama umeliwa. Linganisha na mkono wa pili kabla hujaandika alama 1 ya mfupa.

Daktari_wa_Damu

Ndugu FizioKusini, nikurudishe kwa kijana wako, maana jibu la picha linabadilisha matibabu.

Ukikuta damu bado ipo, maumivu kuisha hakukumaanisha kutoka damu kumeisha. Pale fakta inapopatikana ya kutosha, lengo kwa kiungo ni asilimia 40 hadi 60. Uniti 1 kwa kilo hupandisha fakta 8 kwa takriban asilimia 2, hivyo kwa kilo 50 kufikia 40 ni uniti 1000. Angekuwa na hemofilia B, fakta 9 hupanda asilimia 1 tu kwa uniti hiyohiyo, kwa hiyo 2000. Kama alichomwa dozi sahihi na bado anatoka damu, apimwe kinza-fakta (kingamwili zinazoizuia fakta kufanya kazi) kabla ya kuongezewa dozi.

Ukikuta utando mnene unaowaka, dozi moja moja hazitamsaidia. Anahitaji fakta ya kinga kwa mfululizo, mara nyingi wiki 6 hadi 8, pamoja na mazoezi yako ya misuli ya paja, kisha picha irudiwe. Utando huo una mishipa mingi dhaifu. Ndio unaotoa damu inayofuata.

Mambo mawili usiyaache kwa altrasaundi. Homa ikija na goti likawaka moto, picha haiwezi kutenganisha usaha na damu: apelekwe hospitali, na sindano ya kutoa majimaji isiingizwe kabla ya fakta. Pili, mawimbi hayapenyi mfupa. Mashimo yaliyo chini ya gegedu na sehemu za katikati ya kiungo hayaonekani, kwa hiyo maumivu yakiendelea huku alama zako ni sifuri, aombewe MRI.