Eti "unafuga kaburi"! Huyu mtu wa pH leo amevuka mpaka

Wakuu, naandika mikono ikiwa imelowa na inatetemeka, msinihesabie makosa ya herufi.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi, yeye anakuuliza pH ngapi, yaani uchachu wa maji. Yule ambaye kwenye picha zake maji hayaonekani kabisa, samaki kama wananing'inia hewani msituni. Huyo huyo.

Leo asubuhi nimeweka picha ya tangi langu la samaki na mimea, la lita 20. Miezi minne nalilea. Kuna watu wameoana na kuachana ndani ya muda huo! Nikauliza maswali mawili kistaarabu: huu mmea wa majani mapana, magumu, ya kijani kilichoiva, unaitwaje? Na kwa nini majani yananyofoka yenyewe kule chini, laini kama sabuni iliyosahaulika majini? Nikaweka salamu. Nikaweka na tafadhali.

Akajibu maneno mawili: "Unafuga kaburi."

Kaburi. Mbele ya watu. Na mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma, kwanza ndiyo anajifunza kusoma kwa sauti. "Mama, kaburi la nani?" Nimjibu nini? Mpaka sasa amekaa mbele ya kioo anawahesabu samaki ajue nani hayupo.

Na kinachoniuma zaidi, hata pH hakuniuliza! Mtu anayeuliza pH hata kwenye tanzia, mimi kanipita, kaenda moja kwa moja makaburini. Watu wakamiminia vicheko. Wengine mpo humu humu, nimewaona.

Sikupata hata nafasi ya kuuliza habari ya ule mwingine wa majani ya hudhurungi, ambao nimeuhamisha kona Jumamosi na kufika Jumatano ukawa umeyeyuka wote, imebaki rojo. Nitauliza saa ngapi na mimi nishakuwa mlinzi wa makaburi? Halafu nina mwanzi wangu wa mafundo mafundo, ncha tu ndiyo zimeanza njano, umesimama wima kabisa. Hebu niambieni, kaburi gani lina kitu kimesimama wima?

Kokoto Nyeusi: Msalaba.

Bi Konokono: 😂😂😂 Kokoto Mungu anakuona

Kokoto Nyeusi: Pole dada, nimeshindwa kujizuia. Ila huo mwanzi wako wala si mwanzi, ni dracaena. Mmea wa nchi kavu. Mizizi majini inakubali, lakini ukiuzamisha na majani unaoza polepole, miezi na miezi, ndiyo maana unadhani uko hai. Wauzaji wanautia kwenye matangi kwa sababu hautakufa mbele yao, utafia kwako. Upandishe majani yatoke nje ya maji.

Mleta uzi: Na wewe amekutuma?

Mzizi Mmoja: Tuache masihara. Hayo majani magumu ni anubiasi. Lile shina nene linalolala, ambalo majani yanaotea juu na mizizi chini, yaani rizomu, umelifanyaje?

Mleta uzi: Nimelifukia vizuri. Vidole vinne ndani ya mchanga, nikashindilia na kokoto juu lisielee.

Bi Konokono: Umelifukia. Ukashindilia. Ukaweka na mawe juu. Shoga yangu, kitendo hicho kwa Kiswahili kinaitwa kuzika.

Samaki Hana Presha: Kwa hiyo kaburi LIPO 💀 tulikuwa tunabishana bure

Mleta uzi: HATA KAMA! Hata kama nimezika! Mtu haambiwi hivyo mbele ya mwanawe!

Mzizi Mmoja: Anubiasi ni wa Afrika Magharibi na ya Kati, kwao unashikilia mawe na magogo kwenye vijito. Rizomu likifukiwa linaoza, majani yanaachia kuanzia kwenye kikonyo, ndiyo hicho unachokiona. Lifukue leo. Kata palipolainika mpaka ufike pagumu, penye kijani. Kilichobaki kifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, baada ya muda mizizi itashika yenyewe. Na usitegemee miujiza, unaotoa jani moja kwa wiki kadhaa huo.

Samaki Hana Presha: Yaani angefunga uzi tangu mwanzo, leo asingefungua uzi.

Taa Masaa Yote: Huo wa hudhurungi ulioyeyuka ni kripto, kwa kirefu Cryptocoryne, mmea wa majini. Usiung'oe!! Kripto ukiuhamisha unanuna, unadondosha majani yote, ila mizizi iko hai. Toa hayo majani yaliyooza yasichafue maji, acha mizizi mahali pake. Wiki tatu nne vijani vinachomoza. Mimi nilitupa sita kabla sijaambiwa. Sita!

Baba Wawili: Kripto yangu iliyeyuka 2022, majani, mizizi, na udongo. Nimeacha mahali pake mpaka leo, haijachomoza kitu.

Kokoto Nyeusi: Mkuu hilo ni jukwaa la fedha, umekosea mlango.

Baba Wawili: Nimeona watu wanalia nikajua ni wenzangu.

Mleta uzi: Sawa, na vitundu vidogo vidogo kama vya pini kwenye majani ya zamani? Siulizi kwa ubaya, naulizia rafiki.

Mzizi Mmoja: Vitundu kwenye majani ya zamani, mara nyingi ni upungufu wa potasiamu. Majani ya zamani yakipiga njano yote, naitrojeni. Majani mapya yakitoka meupe-meupe huku mishipa imebaki kijani, chuma. Angalia kwanza ni jani la zamani au jipya, ndipo ununue mbolea. Kwani pH ngapi?

Bi Konokono: NI YEYE

Samaki Hana Presha: NI YEYEEEE amekuja na jina jingine

Mzizi Mmoja: Jamani siyo mimi.

Mleta uzi: Kama ni wewe, mwanangu bado anahesabu samaki.

Kangaga la Java: Heri wewe umetukanwa tu. Mimi nilisafiri siku tatu, shemeji akabaki na tangi. Akaona vidoti vyeusi nyuma ya majani ya kangaga langu la Java, akasema upele, akayakata YOTE. Kumbe ni vifuko vya spora! Mmea unazaa, yeye anautahiri.

Taa Masaa Yote: Bora hata shemeji alikata. Mimi niliambiwa "mimea inapenda mwanga", nikawasha taa saa 14 kwa siku. Sasa mawe yana ndevu za mwani, nyeusi kuliko za baba mkwe. Saa 6 hadi 8 zinatosha, hakuna aliyeniambia.

Bi Konokono: Mnalalamikia ndevu? Mimi nilipewa vile vijani vidogo vinavyoelea, vitatu, eti zawadi. VITATU. Sasa tangi lina paa. Mimea ya chini iko gizani, nachota kila siku na kesho vimerudi. Aliyenipa hapokei simu.

Kokoto Nyeusi: Mimi nilitia dawa ya konokono. Ilikuwa na shaba. Konokono wachache walikufa, kamba wangu wote walikufa.

Bi Konokono: Na konokono walikuwa wanakula majani yaliyokwisha kufa tu, masikini. Mlivyo, mnawaonea.

Kangaga la Java: Shemeji naye alisema atie dawa hiyo. Nimeficha chupa.

Mleta uzi: Wakuu tunaweza kurudi kwenye kaburi?

Taa Masaa Yote: Bi Konokono, hivyo vijani nipe kidogo, labda vitaziba mwanga ndevu zipungue.

Bi Konokono: Njoo na ndoo. Njoo na ndoo mbili.

Mleta uzi: Nimefukua. Nusu ya rizomu ni nzima, ngumu kabisa. Ila jamani, neno "kaburi"...

Baba Wawili: Hao kamba waliokufa na shaba uliwazika au?

Kokoto Nyeusi: Mod tunaomba ufunge huu uzi.

Samaki Hana Presha: Kwenye jiwe au kwenye gogo?