Mbunge asiyesema ndiyo wala hapana, tumhesabu upande gani?

Swali, kutoka kwa mkulima wa viazi, Nyanda za Juu Kusini

Ndugu zangu, salamu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilipoleta tozo za miamala ya simu, sisi ambao wanunuzi wa Dar es Salaam hutulipa kwa simu tuliumia kweli, kwa sababu fedha ya gunia ilipungua ikiwa bado njiani. Kwenye mkutano wa hadhara nilimuuliza mbunge mmoja wa huku alisema nini siku ile muswada ulipopitishwa, naye akazungumza kwa muda mrefu kuhusu barabara na zahanati, bila kunijibu. Je, kuna mahali ninapoweza kuona alivyopiga kura?

Jibu la kwanza, Iringa

Ndugu mkulima, kwa sehemu kubwa hutapata. Bajeti ya Serikali hupigiwa kura ya wazi, kila mbunge akiitwa kwa jina lake, lakini miswada ya kawaida huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, hutangaza upande ulioshinda. Aliyenyamaza katikati ya sauti zile haachi alama yoyote. Kilichobaki ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo zipo kwenye tovuti ya Bunge. Humo utaona kama alichangia hoja na alisema nini.

Hata hivyo tusiwahukumu bila kutazama kinachowabana. Kwa mujibu wa ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza ubunge, kwa hiyo anayepingana na msimamo wa chama hadharani anajua kwamba akifukuzwa uanachama, kiti nacho kimekwenda.

Jibu la pili, Mbeya mjini

Mwenzangu wa Iringa amesema kweli, lakini hofu hiyo haimwondolei mbunge wajibu wa kutueleza. Kunyamaza nako kuna uzito, na uzito huo hubadilika kulingana na hesabu inayotumika. Ibara ya 94 inataka wingi wa kura za wabunge waliohudhuria na kupiga kura, kwa hiyo asiyepiga huwaachia wengine waamue. Kubadili Katiba, ibara ya 98 inadai theluthi mbili ya wabunge wote, na hapo anayekaa kimya anaukwamisha muswada sawasawa na aliyesema hapana. Kule Marekani, katika Seneti ya jimbo la Illinois, Barack Obama alijibu "nipo" badala ya ndiyo au hapana mara zinazokaribia 130, na alilaumiwa kwa kukwepa. Lakini kwa kuwa muswada wa kule huhitaji wingi wa wajumbe wote, jibu lile lilifanya kazi ya hapana. Tofauti ni kwamba kule liliandikwa kwa jina lake, na aliyemtaka ajieleze alikuwa na pa kuanzia.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nitaanza na taarifa za Juni 2021, mwezi wa bajeti. Nisipoliona jina lake kati ya waliochangia, nitazichapa kurasa hizo niende nazo kwenye mkutano ujao, na safari hii nitaomba anijibu kuhusu tozo kwanza, barabara baadaye.