Boti ya tanga mpya, ufa kwenye mkuku, wakala anasema tusubiri Aprili. Naombeni ushauri

Mwana_Kunduchi

Wakuu habari za jioni. Nawaomba hasa mafundi faiba na waliowahi kudai waranti ya chombo.

Nina kampuni ndogo ya kutembeza wageni, visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Siku zote tulikuwa na mashua za mbao. Machi mwaka huu wa 2025 tukachukua mkopo, tukanunua boti ya tanga ya faiba, futi 31, iliyoundwa Ufaransa, kupitia wakala wa hapa Dar. Kwenye mkataba imeandikwa "mpya".

Sasa ni Novemba na mambo ndiyo haya. Mzamiaji anayetusugulia chini kaona ufa mwembamba pale mkuku (ule uti mzito wa chini) unapoungana na bodi, yaani mwili wa boti, upande wa omo, mbele. Kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, kuna maji kila asubuhi, si mengi, lakini hayakosi. Sitaha ya kushoto, kwenye nguzo za uzio, inabonyea ukikanyaga. Madirisha mawili yanavuja mvua ikipiga. Na vali moja ya choo imeanza kuwa na rangi ya waridi.

Wakala alikuja, akaangalia dakika chache, akasema ufa ni urembo tu, ataupiga puti. Sitaha na madirisha tufanye Aprili, msimu wa wageni ukiisha. Ila anataka nisaini karatasi kwamba kasoro zimepokelewa na zimeshughulikiwa. Waranti ni mwaka mmoja kwa vifaa na mitano kwa bodi.

Maswali yangu: nipige msimu huu wa kaskazi nayo au niitoe majini? Na hiyo karatasi nisaini?

Kijana_wa_Mbagala

Sisi wa daladala tunasoma kimya kimya. Ngoja waje wenye bahari yao.

Fundi_Mjimwema

Pole dada. Tuanze na maji, maana hayo ndiyo yatasema ukweli kabla ya ufa. Yaonje. Usicheke, ndivyo tunavyofanya. Yakiwa matamu ni mvua ya madirishani au tangi lako la maji. Yakiwa ya chumvi yanatoka nje: kwenye shafti ya injini, kwenye vali au kwenye bolti za mkuku. Kausha ngama kabisa kwa kitambaa, nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka kila bolti na kila vali, iache ilale. Asubuhi poda itakuonyesha maji yalipopita.

Kuhusu ufa, wakala anaweza asiwe anadanganya. Mkuku ni chuma, bodi ni faiba, na ule mstari wa kuungana kiwanda huuficha kwa puti. Chuma na faiba havichezi sawa, puti inapasuka. Hiyo peke yake haizamishi mtu. Kinachonitisha mimi ni kutu ikichuruzika kwenye ufa, unyevu kwenye bolti kwa ndani, au nyufa kwenye zile mbavu za faiba chini ya sakafu, karibu na bolti. Ukikuta kimoja kati ya hivyo, usipakie wageni. Na siku ya kuinua kwa kreni, simama pembeni uuangalie ufa mkuku ukiwa unaning'inia. Ukipanuka, hapo si puti tena.

Sitaha: chukua sarafu ya mia mbili, gonga kidogo kidogo. Penye uzima patalia sauti kavu, kali. Palipooza patatoa sauti nzito, imekufa. Zungushia chaki, piga picha. Katikati ya tabaka mbili za faiba humo kuna mbao nyepesi ya balsa. Kiwandani walitoboa tundu la nguzo bila kuziba kingo kwa resini, maji yakanywewa na balsa. Miezi minane ya matumizi haiwezi kuozesha sitaha iliyozibwa vizuri.

Hiyo vali ya waridi ibadilishwe wiki hii. Ni brasi ya kawaida, zinki inaliwa na maji ya chumvi, inabaki shaba laini isiyo na nguvu. Siku utaigusa ikatike mkononi, na tundu lake liko chini ya mstari wa maji. Weka ya bronzi. Ukipewa ya dukani, ya bomba la nyumba, irudishe.

Mzee_wa_Pangani

Mwanangu, kabla hujaenda mbali, muulize nahodha wako kama mkuku haujawahi kugusa mwamba. Hapo Msasani bamvua likitoka maji yanakimbia sana, na kiwanda neno lake la kwanza litakuwa hilohilo: mligonga. Muulize kwa upole, akuambie ukweli.

Msiuchezee mkuku. Mwaka 2014 yoti ya Uingereza, Cheeki Rafiki, ikitoka Antigua kurudi kwao, mkuku ulichomoka katikati ya Atlantiki. Watu wanne, hakuna aliyeonekana tena. Wachunguzi wa ajali za baharini wa huko walisema chombo kilikuwa kimeshagusa chini na kutengenezwa huko nyuma, na huenda hayo yalilegeza mshiko wa mbavu za ndani na bodi. Ukitazama kwa nje hilo hulioni.

Mwana_Kunduchi

Asanteni sana. Nimeonja, ni ya chumvi. Poda imelowa kwenye vali ya choo, na kidogo kwenye bolti mbili za mbele za mkuku. Kutu sijaona. Mbavu sijazifikia, sakafu imegundishwa.

Mzee wangu, shikamoo. Nahodha anasema hajagusa, na boti inalala kwenye boya penye maji mengi. Njia zote zimo kwenye GPS, nimeshazihifadhi pembeni.

Sheria_Kwanza

Dada, hesabu miezi. Waranti ya mwaka mmoja ilianza Machi, itakwisha Machi. Wakala anakupangia matengenezo Aprili. Sitaha na madirisha atakuambia ni vifaa, na vifaa vimeshatoka nje ya waranti. Sisemi ana nia mbaya, ila ndivyo itakavyosomeka.

Karatasi yake usisaini ilivyo. Neno "zimeshughulikiwa" lifutwe. Andika kwa mkono wako: kasoro zifuatazo zipo, hazijatengenezwa, na ninashikilia haki zangu zote. Kisha orodhesha. Kila alichokuambia kwa mdomo mrudishie kwa barua pepe usiku huohuo: "Leo ulikuja, ukasema hivi na hivi." Asipokanusha, umeshapata ushahidi.

Kitu kingine watu wanachosahau: mkataba wako ni na wakala, si na kiwanda. Waranti ya kiwanda ni nyongeza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaofaa, na madai ya mkataba kwa sheria yetu ya ukomo yana miaka 6. Ila kuikataa boti na kudai pesa zote ni jambo jingine. Ukishaipokea na kuitumia miezi yote hii, mahakama itakuona umeikubali, utabaki na fidia. Kwa hiyo dai matengenezo na hasara, usipoteze nguvu kudai kurudisha.

Mswahili_Hamburg

Huku Ulaya waranti ya kisheria ni miaka miwili, na mwaka wa kwanza muuzaji ndiye anatakiwa kuthibitisha kasoro haikuwepo. Boti ni ya Ufaransa, dada abanane nao kwa hiyo.

Sheria_Kwanza

Hapana ndugu. Hiyo ni kwa mlaji anayenunua kwa matumizi yake kutoka kwa muuzaji wa huko. Huyu kanunua Dar, kwa jina la kampuni, kwa biashara. Na hapo nimekumbuka: dada, soma waranti yako inasema nini juu ya kubeba abiria wa kulipa. Viwanda vingi hupunguza muda au kuikata kabisa. Ya injini nayo huwa peke yake, na matanga vilevile.

Kaka_Mtwapa

Mimi niko Mombasa, nimefanya kazi yadi za hapa. Nenda nyuma ya boti, tezi, upande wa kulia, utaona namba imechongwa kwenye faiba. Ina tarakimu na herufi 14. Hiyo iandike kwenye kila barua, kiwanda bila hiyo hawakujui. Halafu tuambie nne za mwisho tu, zingine usiweke hapa.

Mwana_Kunduchi

C222.

Sheria_Kwanza, nimesoma. Abiria wa kulipa: waranti ya vifaa inabaki, ya bodi inashuka kutoka mitano kwenda miwili. Wakala alijua tangu mwanzo kazi ya boti, hata leseni ya TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, tulishughulikia pamoja.

Kaka_Mtwapa

C ni mwezi wa tatu. 2 inayofuata ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliyoundwa, na 22 ni mwaka wa modeli. Boti yako iliundwa Machi 2022. Ilikaa yadi miaka mitatu kabla hujaiona. Haijatumika, sawa, lakini jua limepiga mpira na gundi za madirisha miaka mitatu. Madirisha yako nadhani umeshapata jibu lake. Balsa nayo, kama tundu halikuzibwa, imekunywa mvua za miaka mitatu.

Angalia haraka sana waranti inaanza kuhesabiwa lini: siku ya kukabidhiwa wewe au siku ilipotoka kiwandani.

Mama_Biashara_TZ

Jamani, naheshimu wataalamu, ila mkopo hausubiri wataalamu. Wakala wa boti hizo ni mmoja au wawili nchi nzima. Ukigombana naye leo, spea utapata wapi kesho? Badilisha vali, piga msimu, wageni wa Desemba walipe rejesho, halafu mdai kwa utulivu. Watu wanashinda kesi huku biashara imekufa.

Fundi_Mjimwema

Mama nakuelewa, na ungekuwa ni sitaha peke yake ningekuunga mkono. Asingepitisha mtu upande ule, basi. Lakini bolti za mkuku zimelowesha poda kwa maji ya chumvi. Hapo sipakii mtoto wa mwenzangu.

Halafu hiyo Aprili yenyewe ni masika! Balsa iliyolowa lazima ifunguliwe, ikauke, ndiyo ijengwe upya. Resini nayo haipendi unyevu, utapiga tabaka likae linanata au liachie baada ya mwaka. Kazi hii ni ya sasa hivi, jua linawaka. Na usikubali puti na jelikoti (lile ganda la nje linalong'aa) juu ya faiba iliyopasuka. Inasagwa mpaka penye uzima, kingo zinakatwa mshazari wenye urefu wa mara 12 ya unene, ndiyo faiba mpya inalala. Ukuta wa milimita 8 ni kama sentimita 10 za mshazari kila upande. Fundi akikuambia atamaliza asubuhi moja, amekuja kupaka rangi.

Mzee_wa_Pangani

Mashua zako za mbao umeziuza?

Mwana_Kunduchi

Bado zipo mbili, mzee. Moja inahitaji kukalafatiwa tu, kuzibwa nyufa za mbao.

Mzee_wa_Pangani

Basi msimu unao. Wageni wa Mbudya wengi wanapenda tanga la pembe tatu kuliko hiyo yoti yenu.

Mwana_Kunduchi

Hilo nilikuwa silioni kabisa, na Mama_Biashara rejesho langu la Desemba litapona hivyo. Waranti inahesabiwa tangu kukabidhiwa, nimeangalia, nashukuru Mungu.

Nimemwandikia wakala leo, nakala kiwandani, na namba ya boti, picha za chaki na poda, na swali la kwa nini chombo cha 2022 kiliuzwa 2025 kama kipya. Amenipigia simu ndani ya saa moja, sauti imebadilika. Anakubali kuitoa majini Novemba hii na kufungua sakafu, lakini anasema kreni ni juu yangu, waranti haigharamii. Na mkaguzi anataka awe wa kwake.

Sheria_Kwanza

Kreni kwenye karatasi ya kiwanda kweli mara nyingi imetolewa. Lakini dai lako kwa wakala ni la mauzo, kreni ni sehemu ya hasara yako. Lipa wewe, chukua risiti ya EFD, iweke kwenye dai. Usiache boti majini kwa ajili ya kubishania kreni.

Mkaguzi wake mkubali aje, na wewe lete wa kwako. Ulizia kampuni iliyoikatia bima boti, wanawatumia hawahawa kila siku. Wakague pamoja, siku moja, boti ikiwa inaning'inia.

Fundi_Mjimwema

Mimi niko Mjimwema, nikija sidai kitu zaidi ya nauli ya pantoni. Nataka kuziona hizo mbavu. Njoo PM.