Je, mlinzi wangu wa pembeni kushoto ahamie nafasi ya gadi?

Kocha msaidizi (swali)
Ndugu zangu, ninafundisha safu ya mbele ya ushambuliaji katika timu ya vijana ya futiboli ya Marekani. Kijana wangu wa pembeni kushoto, yaani anayelinda mgongo wa kwotabeki wetu anayerusha kwa mkono wa kulia, ananinyima usingizi. Tunapokimbia na mpira hakuna anayemzuia. Tunaporusha pasi, hata hivyo, kila akikutana na mvamizi mwepesi anayepita nje, hatua yake ya tatu hugeuza nyonga mapema, na mpinzani humzunguka hadi kwa kwotabeki. Mwalimu mkuu anataka tumweke gadi, ubavuni mwa senta, yaani yule wa katikati anayeanzisha mpira, na msimu unaanza baada ya wiki 5. Nifanyeje?

Mzee wa Safu
Kocha, rudia kutazama video ujue kama kinachomshinda ni mwili au ni ufundi. Mikono ikiwa mifupi, mvamizi humfikia kifuani kwanza, na urefu wa mkono haufundishwi. Kule ndani kwenye gadi, ambako nafasi ni finyu, upungufu huo haumgharimu sana. Zack Martin alicheza pembeni kushoto chuoni Notre Dame, timu ya Dallas Cowboys ikamchukua mwaka 2014 ikamweka gadi wa kulia, na akateuliwa mara 7 katika kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi ya NFL. Kwa hiyo kuhamia ndani si kushushwa cheo. Ila nyonga inayogeuka mapema, kwa macho yangu, ni kosa la ufundi.

Nambari 64
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, lakini gadi naye hana raha: anakutana na watu wazito papo hapo, bila hatua mbili za kujipanga, na wavamizi wanapobadilishana njia ni lazima aelewane na senta kwa kufumba na kufumbua. Wala asihamishiwe pembeni kulia kwa kudhani ni kazi ileile. Mimi nilihamishwa hivyo, na kwa wiki kadhaa mguu wa kulia, uliozoea kuufuata wa kushoto, ulikataa kutangulia. Tristan Wirfs mwenyewe, aliyekuwa nyota wa pembeni kulia, ilimbidi ajifunze upya hatua zake timu yake ya Tampa Bay ilipomhamishia kushoto mwaka 2023.

Kocha msaidizi
Ahsanteni sana. Nimempima, mikono yake ni mirefu. Kwenye video nimeona kwamba hatua ya kwanza ni fupi mno, kwa hiyo anajikuta amechelewa, na ndipo anapogeuza nyonga ili kufukuzia. Nitamwomba mwalimu mkuu siku 10 za kurekebisha hatua hiyo, huku kijana akifanya mazoezi machache ya gadi kila siku.

Mzee wa Safu
Marahaba, Nambari 64. Kocha, mweleze kijana sababu kabla hajaiona orodha ya nafasi ukutani. Kisha chora mstari wa chaki pale mguu wa kushoto unapopaswa kutua.