Kwa nini mji wa Cairo, kwenye makutano ya Mississippi na Ohio, haukuwa jiji kubwa?

Mwalimu wa Mbagala:
Ndugu zangu, ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu vizuri. Tulikuwa tukijadili sababu za miji kukua, nami nikasema kwamba makutano ya mito mikubwa huvuta biashara na watu. Yeye akafungua ramani ya Marekani, akaweka kidole pale mto Ohio unapoingia Mississippi, kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, akaniuliza kwa nini mji wa Cairo uliopo hapo ulikuwa na watu 1,733 tu katika sensa ya mwaka 2020, ilhali sensa ya mwaka 1920 ilihesabu watu 15,203. Nilimjibu kwamba huenda mafuriko yaliwafukuza, kwa kuwa mji umekaa kwenye ulimi wa ardhi tambarare uliobanwa na mito miwili. Jibu hilo halijaniridhisha mimi mwenyewe, kwa hiyo naomba msaada wenu.

Mhandisi Mstaafu:
Mwalimu, hofu ya mafuriko ni ya kweli, lakini haitoshi kueleza kupungua kwa watu. Ni kweli kwamba mwaka 1858 tuta la kuzuia maji lilibomoka na mji ukazama. Baada ya hapo matuta yaliendelea kuinuliwa, ukajengwa ukuta wa zege upande wa mto Ohio, na kaskazini, pale barabara inapopenya tuta, likawekwa lango zito la chuma linaloweza kushushwa ili kuufunga mji.

Mei 2011 maji yalipanda Cairo hadi kupita futi 61, yaani zaidi ya mita 18 kwenye kipimo cha mto, na mengine yakaanza kububujika kutoka ardhini ndani ya matuta. Usiku wa tarehe 2 wahandisi wa jeshi la Marekani walililipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya Mississippi katika jimbo la Missouri, maji yakaachiwa yafunike takribani hekta 53,000, nyingi zikiwa mashamba. Missouri ilikuwa imekwenda mahakamani kupinga jambo hilo, ikashindwa. Eneo hilo lilitengwa kwa kazi hiyo baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927, na lilikuwa limekwisha kutumika mara moja, mwaka 1937. Ninalikumbuka sana tukio hilo kwa sababu Desemba ya mwaka huohuo bonde la Msimbazi lilifurika, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kule maji yalikuwa yametengewa mahali pa kwenda miaka mingi kabla. Kwetu watu ndio waliotafutiwa mahali baada ya maji kufika. Hata hivyo, kufikia mwaka 2011 watu wengi wa Cairo walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa hiyo sababu itafutwe kwingine.

Mkazi wa Kigamboni:
Shikamoo Mhandisi. Mwalimu, sisi tuliozoea pantoni tunaweza kukupa sababu hiyo nyingine. Penye kivuko watu hulazimika kusimama, na wanaposimama hula, hulala na hununua. Cairo ilinawiri kwa meli za mvuke na kwa reli iliyoiunganisha na Chicago katika miaka ya 1850, na kwa kuwa reli iliishia ukingoni, mabehewa yalivushwa mto Ohio kwa vivuko. Mwaka 1889 daraja la reli lilikamilika, na treni zikaanza kupita bila kushusha kitu. Mwaka 1905 likajengwa daraja jingine la reli huko Thebes, kaskazini kidogo kwenye mto Mississippi, na sehemu ya safari ikauacha mji kabisa. Madaraja ya magari yalifuata mwaka 1929 na katika miaka ya 1930, na mwaka 1978 barabara kuu ya I-57 ilivuka Mississippi kwa daraja lake pembeni ya mji. Bagamoyo yetu inafundisha jambo la jamaa moja: reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, misafara haikuwa tena na sababu ya kuishia kule.

Msomaji wa Historia, Upanga:
Ninakubaliana na maelezo ya madaraja, lakini naomba yasiwafunike watu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyoshikilia utumwa, Cairo ilikuwa kituo cha jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali Ulysses S. Grant mwaka 1861, na maelfu ya watu weusi waliotoroka utumwa walikimbilia huko wakitafuta uhuru. Uhuru huo ulikuwa na mipaka michungu. Novemba 1909 umati ulimuua hadharani mtu mweusi aliyeitwa Will James, bila hukumu ya mahakama. Mwaka 1967 askari kijana mweusi, Robert Hunt, alikutwa amekufa katika kituo cha polisi. Polisi walisema amejinyonga, watu weusi hawakuamini, na ghasia zikazuka. Kuanzia mwaka 1969 watu weusi waligoma kununua katika maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri, na mgomo ukaendelea kwa miaka. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kuajiri. Kwa maoni yangu hapa ndipo pana uzito zaidi, kwa sababu mji unaopoteza kivuko unaweza kutafuta kazi nyingine, lakini hauwezi kuipata huku sehemu kubwa ya wakazi wake ikizuiwa isishiriki.

Mwalimu wa Mbagala:
Nawashukuru sana, na Mhandisi nakupa shikamoo yangu pia. Kesho wanafunzi watachora mito miwili kwenye karatasi tupu, kisha waongeze madaraja mojamoja kwa mwaka wake, na kila daraja likishaongezwa nitawauliza ni nani bado analazimika kusimama Cairo. Habari za mwaka 1909, 1967 na 1969 nitaziweka katika kipindi cha pili peke yake, kwa sababu haziwezi kuchorwa kwenye ramani, na yule mwanafunzi aliyeuliza ndiye nitakayemwomba azisome kwa sauti.